Shikamoo Iishie Kwenye Marahaba

SWALI: Nina miaka 31. Tangu mwezi wa pili nimekuwa msimamizi wa stoo ya duka la dawa la jumla hapa Morogoro. Chini yangu wapo vibarua wawili na mzee mmoja wa miaka 54 ambaye ana miaka 19 katika stoo hii. Kila asubuhi namwamkia shikamoo kama inavyopasa. Tatizo linakuja kwenye kazi. Nikimwomba hesabu ya stoo ananijibu mbele ya watu, "Mwanangu, punguza haraka, haya sisi tumeanza nayo wewe uko shule." Nilivumilia. Wiki tatu zilizopita uvumilivu ulinishinda, nikamwambia mbele ya wale vibarua, "Mzee, hapa hakuna mwanangu, hapa kuna kazi. Kama imekushinda sema." Tangu siku hiyo kila kitu ni "sawa bosi". Anafanya nilichokitaja tu. Hata utani wa Mpare na Mchaga aliokuwa ananitania umekwisha. Juzi nimekuta katoni 14 za dawa ya maji ya watoto nyuma ya rafu, zimebakiza wiki tano kuisha muda, na sisi huku mbele tunatoa mzigo mpya. Kumuuliza, ananijibu, "Hukuniuliza, bosi." Nimeanza kuandika makosa yake yote kwenye daftari nimpelekee mkurugenzi. Je, niache kumwamkia ili ajue mimi ndiye kiongozi? Au nimshtaki moja kwa moja? Nisisahau: kabla sijaja, yeye ndiye aliyekaimu nafasi hii kwa miezi minane.

JIBU: Dada yangu, nianze na swali la shikamoo, maana kesho asubuhi utaingia stoo na utalihitaji jibu lake kabla ya mengine yote. Usiache kumwamkia. Ukimnyima salamu mzee wa miaka 54, wiki tatu baada ya kumkemea mbele ya vijana, hataelewa kwamba wewe ni kiongozi. Ataelewa kwamba umemkana. Na wale vibarua, ambao nao wana baba zao nyumbani, watahamia upande wake bila yeye kufungua mdomo.

Nimekuita dada kwa makusudi. Umri wa kukuita mwanangu ninao, na kalamu ilitaka kwenda huko. Ningekuita hivyo, jibu hili lingekuwa limeshageuka mawaidha, nawe ungelisoma ama umeinamisha kichwa ama umekunja uso. Neno moja la kuitana hupanga viti kabla watu hawajakaa.

Aliyetufundisha kuviona viti hivyo ni daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Eric Berne, mzaliwa wa Montreal, Kanada, mwaka 1910, aliyefanya kazi yake kubwa huko California hadi alipofariki mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kuandika juu ya njia yake ya kuchunguza maongezi, ambayo kwa Kiswahili tunaiita uchambuzi wa miamala. Muamala sisi tunaujua zaidi kwenye simu: umetuma, mwenzako amepokea, ujumbe umeingia. Berne aliyatazama maongezi kwa jicho hilohilo. Mmoja anatoa, mwingine anarudisha, na cha kuangalia ni kimetoka wapi na kimeenda kupokelewa wapi.

Maana kila mmoja wetu, alisema, ana hali tatu za nafsi, na tunahama kutoka moja kwenda nyingine hata mara kadhaa ndani ya dakika moja. Alisimulia habari za mwanasheria aliyekuwa akitibiwa kwake, mtu mwenye kazi yake na heshima zake, ambaye wakati mwingine alitaka kujua daktari anaongea na nani: na mwanasheria, au na mvulana mdogo aliye ndani yake. Hali ya kwanza ni Mzazi: sauti za waliotulea tulizozihifadhi, za kukemea na za kulea pia. Ukiusikia mdomo wako unatoa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" kabla hujafikiri, hapo anaongea bibi yako. Ya pili ni Mtoto, yule uliyekuwa zamani: anayetii kwa woga, anayenuna, na vilevile anayecheka na kubuni mambo. Ya tatu ni Mtu Mzima, sehemu inayotazama kilichopo mezani leo. Katoni ngapi? Tarehe gani? Ufunguo uko kwa nani?

Kiswahili kinatutega hapa, kwa sababu tukisema "yule ni mtu mzima" tunamaanisha ameshakula chumvi nyingi. Mtu Mzima wa Berne hana umri. Binti wa miaka 20 anayehesabu vidonge kwa utulivu yuko kwenye Mtu Mzima. Mzee wa miaka 70 aliyesusa chakula kwa kuwa hakuombwa maoni yuko kwenye Mtoto. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona wasimamizi vijana wengi wakidhani kuongea kama mtu mzima ni kuongea kwa ukali.

Kuna wakufunzi wanaofundisha kwamba Mtu Mzima ndiye mwema na hao wawili wengine ni maradhi. Sikubaliani nao. Sitashangaa nikisikia kwamba vibarua wako walijifunza kwa mzee huyu namna ya kunyanyua katoni bila kuumia mgongo, na huyo ni Mzazi anayelea. Na ule utani wa Mpare na Mchaga ni Mtoto kwa Mtoto, mlango ambao desturi zetu ziliufungua ili watu waambiane mambo bila kuumizana. Wewe mwenyewe umeukumbuka ulipofungwa.

Sasa tuitazame shikamoo. Wengi husema asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Kwa vyovyote, ni salamu iliyokwisha kupanga viti: mdogo anatoa kutoka kwa Mtoto kwenda kwa Mzazi, mkubwa anarudisha marahaba kutoka kwa Mzazi kwenda kwa Mtoto. Mimi naiona ni salamu nzuri sana. Shida inaanza pale salamu imekwisha lakini sauti yake haijaisha. Nimekaa ofisi nyingi nikiwasikiliza wasimamizi wa umri wako. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Halafu, bila kuvuta pumzi, kwa sauti ileile nyembamba, mikono imekutana mbele: "Samahani mzee, nilikuwa naomba, kama utapata nafasi, ile hesabu…" Maneno ni ya kazi, mwili bado unaamkia. Mzee anaujibu mwili.

Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwako tangu mwezi wa pili. Wewe ulitoa kwa Mtoto, yeye akarudisha kwa Mzazi: mwanangu, punguza haraka. Berne alieleza kwamba miamala ikienda sambamba namna hiyo, maongezi yanaweza kuendelea bila mwisho. Ndiyo maana ulivumilia muda wote huo na hakuna kilichobadilika. Mlikuwa mnaelewana kabisa, ila hesabu ya stoo haikuwamo katika maelewano hayo.

Siku ulipochoka hukuhamia kwenye Mtu Mzima. Ulimruka, ukatua kwenye Mzazi mkali. "Kama imekushinda sema" haiulizi chochote kuhusu stoo. Ni sauti ya mama mlangoni akiwa na fimbo, na safari hii ilielekezwa kwa mtu ambaye angeweza kuwa baba yako, mbele ya vijana wanaomwita mzee. Miamala ikikatana hivyo, mawasiliano hukatika. Mzee alibaki na njia mbili: akupandishie na yeye, ahatarishe kibarua chake akiwa na miaka 54, au akikalie kile kiti cha Mtoto ulichomsukumia. Alikikalia.

"Sawa bosi" ni muamala wa ghorofa mbili. Juu unasikika utii wa kazi: umeagiza, nimefanya. Chini kuna Mtoto aliyeumia anayesema: umetaka kutawala, haya tawala, tuone. Berne aliona kwamba maongezi yakiwa na ghorofa mbili, mwisho wake huamuliwa na ile ya chini. Zile katoni 14 ziliamuliwa huko. Alijua ziko nyuma. Mtu wa miaka 19 stoo hawezi kutojua. Alikuwa anasubiri uulize.

Miamala ya aina hii ikijirudia Berne aliiita michezo, ingawa hakuna anayefurahi. Aliiita hivyo kwa kuwa mwishoni kila mchezaji huchukua malipo yake. Mzee amelipwa ushahidi kwamba bila yeye stoo haiendi. Nawe, nisamehe nikisema wazi, umelipwa ushahidi kwamba yeye hafai, na umeuandika daftarini. Hasara inamwangukia mtu mwingine kabisa, mama fulani huko Kilosa au Mvomero ambaye dawa ya mwanawe itaishia kuteketezwa.

Hilo daftari linanitia wasiwasi kuliko katoni. Enzi za Berne, maduka ya Marekani yalikuwa yakimpa mteja stempu ndogo kila anaponunua kitu. Anazibandika kwenye kijitabu, na kijitabu kikijaa anakwenda kuchukua zawadi. Berne akaona watu wanafanya hivyohivyo na vinyongo: wanabandika kimoja kimoja, kimya kimya, na kitabu kikijaa wanajiona wana haki ya kulipuka, kuacha kazi au kumfukuzisha mtu bila dhamiri kuwasuta. Sikatai kumbukumbu za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na huko maandishi yana kazi yake. Lakini maandishi yanayosaidia ni yale ambayo mhusika aliambiwa, akapata nafasi ya kujieleza na kujirekebisha. Jiulize kama ungeweza kulifungua daftari hilo ukamsomea yeye mwenyewe ukurasa kwa ukurasa. Kama huwezi, hizo ni stempu.

Nije kwenye sentensi yako ya mwisho. Umeianza na "nisisahau", kama mtu anayerudi mlangoni kuchukua mwavuli. Kwangu mimi hiyo ndiyo barua yote. Miezi minane alikaimu nafasi hii. Hukuniambia ni nani aliyemweleza kwamba hatathibitishwa, wala yale mafungu ya funguo yalitokaje mkononi mwake yakaingia mkononi mwako.

Nauliza kwa sababu nimeshuhudia jambo hili kwa karibu. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi nikiwa kijana, mwenzetu mmoja wa makamo alikaimu ukuu wa kitengo kwa muda mrefu. Hakuna aliyemwita akamwambia. Alijua siku fundi alipokuja na bisibisi kutoa kibao cha mlangoni. Alisimama kwenye korido na kikombe cha chai, akazitazama skrubu zikitoka, moja, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa imeota kutu, fundi akahangaika nayo, naye akamshikia kibao kisianguke. Mimi iliniuma. Nikapanda juu kwa mkuu kumtetea bila kumuuliza mwenyewe. Alipopata habari hakuniongelesha kwa karibu miezi miwili. Baadaye sana ndipo nikakutana na pembetatu aliyoichora Stephen Karpman, mwanafunzi wa Berne, mwaka 1968: Mtesi, Mhanga na Mwokozi, watatu wanaobadilishana nafasi. Mimi nilijiona Mwokozi. Yeye aliona kijana aliyemfanya Mhanga mbele ya wakubwa. Ndiyo maana nakuomba usiende kwa mkurugenzi kumshtaki, na pia usiende kumtetea, kabla hamjaongea ninyi wawili. Usimtume mtu mwingine akakuongelee. Najua desturi yetu inapenda msuluhishi, na mkishindwa wawili mtamtafuta. Lakini ulimkosea kwa mdomo wako.

Chagua jioni, vibarua wakishaondoka, siku isiyo na mzigo wa kushusha. Usimwite mezani kwako. Nenda kule nyuma ya rafu, kwenye zile katoni. Mkiwa na kitu cha kushika na kukitazama wote wawili, viti vinasogeleana vyenyewe. Kisha sema, kwa sauti yako ya kawaida: "Mzee, siku ile nilikukosea. Kukusema mbele ya vijana haikuwa sawa. Naomba radhi." Ukomee hapo. Usiweke "lakini". Unaomba radhi kwa namna ulivyosema. Haja ya hesabu ya stoo iko palepale na ina siku yake.

Kuna uwezekano mkubwa atakujibu, "Yameisha, mwanangu." Mwanangu hiyo ipokee. Najua ndiyo iliyokuudhi tangu mwanzo, na wapo watakaokushauri umkataze. Ushauri wangu ni kusikiliza kinachofuata baada ya neno lenyewe. "Mwanangu, zile za mwezi wa kumi ziko chini" ni taarifa ya kazi iliyovaa kanzu ya nyumbani, ichukue. "Mwanangu, punguza haraka" ni kukwepa swali, basi rudi kwenye swali: "Sawa mzee. Kesho saa nne hesabu itakuwa imefika wapi?"

Halafu mguse pale ambapo hakuna aliyemgusa. "Najua ulishika nafasi hii miezi minane kabla yangu. Sijawahi kukuuliza ulilionaje." Nyamaza, msikilize. Pengine atasema maneno makali juu ya mkurugenzi. Usimtetee mkurugenzi, usiungane naye kumsema pia. Berne aliamini binadamu ana njaa ya kutambuliwa iliyo kweli kama njaa ya chakula, na asipotambuliwa kwa wema atakubali kutambuliwa hata kwa ubaya. Fikiria ni siku gani katika wiki hizi tatu ulimfuata mwenyewe, ukasimama mbele yake ukimtazama usoni. Ni siku ya katoni.

Sasa katoni. "Mzee, zipo 14 na tuna wiki tano. Kwa unavyowajua wateja, nani anaimaliza hii haraka?" Hilo ni swali la kweli, yeye anajua na wewe hujui. Maswali yenye namba, tarehe na majina ya mahali humwita Mtu Mzima wa mwenzako bila kumwambia kwamba unamwita. Akijibu "wewe ndiye bosi", chambo hicho usikimeze. Mwambie, "Uamuzi nitaufanya na nitaubeba. Nakuuliza kwa kuwa wewe ndiye unayeyajua haya maduka." Akirudia tena, mwache, agana naye vizuri, rudi kesho. Mtu aliyenyamaza wiki tatu hafunguki kwa dakika kumi.

Kwa kuwa ulimkemea hadharani, sehemu ya dawa nayo iwe hadharani. Asubuhi mnapogawana kazi, mbele ya vibarua walewale, muulize rafu ipi ianze kutolewa, na akijibu, ifuateni. Huna haja ya kumsifu kwa maneno mengi. Vijana wataona.

Na tafadhali, haya ya Mzazi na Mtoto yabaki kichwani mwako. Siku utakayomwambia "mzee, hapo unaongea kama Mtoto" utakuwa umempiga kwa kitu kizito kuliko daftari. Vilevile, kama utamfuata kwa moyo mweupe, mara moja na mbili na tatu, na bado dawa zinafichwa nyuma ya rafu, hapo kaa naye, andika mbele yake mlichokubaliana, weka tarehe, kisha ndipo mkurugenzi ahusishwe. Nikisoma barua yako sidhani mtafika huko.

Utajuaje kwamba mambo yanarudi? Usisubiri hesabu ya stoo iwe safi kwanza. Sikiliza utani. Siku atakayokutania tena wewe Mchaga, hata kwa neno moja, akiwa amegeukia rafu bila kukutazama, mrudishie papo hapo.

Jambo moja zaidi, la utaratibu. Muulize mkurugenzi kama stoo inaruhusu washika funguo wawili. Stoo nyingi hufanya hivyo kwa usalama, kabati moja kufuli mbili, na kwa dawa nadhani ni busara hata kama pasingekuwa na ugomvi wowote. Akikubali, usifanye sherehe. Mkabidhi mzee ufunguo asubuhi, baada ya marahaba, umwambie ni wa kabati lipi, muanze kazi.